Zitkala-Ša, mwanamke aliyepeleka zimwi la mababu katika vitabu vya Wazungu

Mwaka 1901, kule Boston inchini Marekani, kulitoka kitabu kidogo chenye hadithi 14 za watoto. Hadithi moja inasema hivi: watu wa kambi moja wanasikia mtoto mchanga akilia katika majani marefu. Wanamwokota, wanampeleka kwa mkuu wao, na kila mtu anafurahi kumwona. Usiku, wakati kambi nzima imelala, binti wa mkuu anasikia kelele. Ni sauti za wanaume, za wanawake, za watoto, kelele za kambi nzima, lakini kama zinatoka mbali sana. Anatega sikio huku na huku. Mwishowe anainama karibu na mtoto na kutambua kwamba sauti zile zinatoka ndani ya kinywa chake.

Yule hakuwa mtoto. Alikuwa Iya, zimwi linalomeza kambi za watu, na sauti zile zilikuwa za wale aliokwisha kuwameza.

Mwandikaji wa kitabu hicho aliitwa Zitkala-Ša. Alikuwa na miaka 25, wa kabila la Wayankton, moja ya matawi ya taifa ambalo Wazungu waliliita Wasioux. Leo, waandikaji wa hadithi za kutisha wanaotoka katika makabila ya kwanza ya bara lile ni wengi, na mmoja wao, Stephen Graham Jones wa kabila la Blackfeet, anasomwa katika inchi nyingi. Lakini zaidi ya miaka 100 mbele yao, wakati serikali ilikuwa inawakataza watoto wa makabila hayo hata kusema lugha ya mama zao shuleni, mwanamke huyu alikuwa amekwisha kuandika, kwa Kingereza kizuri, vitu ambavyo wazazi wake waliviogopa. Aliandika pia vitu ambavyo Wazungu walikuwa wanawafanyia watu wake, na mara nyingi hivi vya pili ndivyo vinatisha zaidi.

Mti wa marehemu

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa pili 1876, katika eneo ambalo serikali iliwatengea Wayankton, kando ya mto Missouri, katika jimbo linaloitwa leo South Dakota. Mwaka ule ule, Wasioux na Wacheyenne waliwashinda askari wa Custer kwenye mto Little Bighorn. Kisha ushindi ule, jeshi liliwafuata, wakanyang'anywa udongo mwingine, na njaa ikaingia katika makambi. Baba ya mtoto, Mzungu, aliacha familia. Mama, Tate Iyohiwin, alimlea binti yake katika hema la turubai. Kwenye vitabu vya serikali na vya shule mtoto aliitwa Gertrude Simmons. Jina la Zitkala-Ša, maana yake Ndege Mwekundu, alijipa mwenyewe alipokuwa mtu mzima, kisha ugomvi na mke wa kaka yake, ambaye aliona kama amewatupa ndugu zake juu ya masomo ya Wazungu.

Jioni, mama yake alikuwa anamtuma kuwaalika wazee majirani waje kula. Chakula kikiisha, wazee walianza kusimulia. Mtoto alilala na kichwa chake juu ya miguu ya mama, akitazama nyota, na hadithi ilipofika pabaya alijikunja zaidi karibu naye. Ni pale alipojifunza kazi yake, kabla hajajua kwamba ni kazi.

Kuna jambo moja la siku zile ambalo aliliandika baadaye na ambalo wasomaji wake hawalisahau. Alitaka kuchuma matunda kwenye mti mdogo wa pluni uliosimama peke yake. Mama akamkataza. Chini ya mti ule alizikwa shujaa ambaye, alipokuwa hai, alipenda sana mchezo wa kubahatisha unaochezwa na mbegu za pluni, na alizikwa na mbegu hizo mkononi. Mbegu ziliota. Mizizi ilikuwa imeizunguka mifupa ya marehemu. Tangu siku ile mtoto aliukaribia udongo ule kwa heshima, na kila mara alisimama kusikiliza kama atasikia mluzi wa wafu, kama wazee walivyosema.

Huo mluzi haujanyamaza. Mwaka 2023, waandikaji wa makabila mbalimbali ya Marekani na Kanada walitoa pamoja kitabu cha hadithi za kutisha ambacho jina lake linamkataza mtu kupiga mluzi usiku, marufuku ambayo familia nyingi za Afrika pia zinaijua.

Shetani aliyekuja na kitabu

Alikuwa na miaka 8 wakati wamisionere walipofika kutafuta watoto wa kupeleka shuleni, mwaka 1884. Watoto waliambiwa juu ya inchi ya mashariki yenye matofaa mekundu ambayo mtu anachuma mpaka anashiba, na juu ya safari katika gari-moshi. Mama hakutaka. Mtoto alilia mpaka mama akakubali. Walipelekwa Wabash, katika jimbo la Indiana, kwenye internati ya kanisa la Marafiki, kanisa ambalo leo lina waamini hata Abeka katika Kivu ya Kusini.

Huko walikata nywele za watoto. Kwa Wayankton, nywele fupi zilikuwa za mtu mwenye kilio, na nywele zilizokatwa na adui zilikuwa aibu ya mwoga. Mtoto alijificha chini ya kitanda katika chumba chenye giza. Aliona viatu vikipita, akasikia jina lake likiitwa, mpaka wakamvuta nje, wakamfunga kwenye kiti, akasikia baridi ya makasi kwenye shingo. Mtu akisoma ukurasa ule leo anaona kwamba umejengwa kama hadithi ya kutisha: giza, hatua za miguu, mlango, pumzi iliyozuiwa. Kitu kimoja tu kinakosa, ni zimwi. Wanaomtafuta ni walimu wa shule, na wanaamini kwamba wanamtendea mema.

Zimwi lilikuja katika kitabu cha hadithi za Biblia. Alionyeshwa picha ya shetani mwenye pembe, kucha na mkia, akaambiwa kwamba huyu anawatesa watoto wasiofuata sheria za shule. Nyumbani alikwisha kusikia juu ya mizimu mingi, mizuri na mibaya, lakini hakuwahi kusikia kwamba kuna mmoja anayeweza kumshinda Roho Mkubwa. Usiku ule aliota yuko katika nyumba ya mama yake. Shetani aliingia na kumkimbiza, akizunguka jiko. Mama na mgeni wake waliendelea kukaa kimya, kama hawaoni kitu. Ni sehemu hiyo inayoogopesha kuliko pembe na mkia, kwani shetani wa kizungu alikuwa amefika mpaka nyumbani na mama hakuwa na silaha ya kupigana naye, sababu hakumjua. Mwishowe mama aliamka na kumchukua mtoto mikononi, ndoto ikakatika.

Asubuhi, mtoto alichukua kitabu, akatafuta ukurasa ule, na kwa kipande cha kalamu ya kibao akayakwaruza macho ya shetani mpaka karatasi ikatoboka. Inawezekana kusema kwamba ndiyo kazi yake ya kwanza ya mwandikaji.

Kati ya pande mbili

Kisha miaka 3 alirudi nyumbani, akakuta hayuko tena mtoto wa nyumbani wala mtu wa shule. Akarudi masomoni. Mwaka 1895 aliingia Earlham, chuo cha kanisa lile lile la Marafiki. Mwaka 1896 alipata nafasi ya pili katika shindano la kuhutubia la jimbo la Indiana, mbele ya watu walioinua bendera yenye picha ya kumtukana mwanamke wa kabila lake. Alijifunza pia violini, mpaka Boston.

Mwaka 1897 alianza kufundisha Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania, internati kubwa kuliko zote za aina ile, iliyoanzishwa na mwanajeshi Richard Henry Pratt. Fikira ya Pratt ilikuwa kwamba mtoto wa kabila hawezi kuokoka mpaka ukabila wote uondolewe ndani yake. Alimtuma mwalimu huyu kijana kwao Yankton kutafuta wanafunzi wapya. Ilikuwa kumgeuza mmoja wa wale waliokuja na hadithi ya matofaa. Alipofika alikuta nyumba ya mama inaoza na Wazungu wamejenga kila upande. Baadaye aliacha kazi ile.

Mwanzoni mwa mwaka 1900, miezi 3 kwa mfululizo, gazeti kubwa la Boston, Atlantic Monthly, lilitoa maandiko yake juu ya utoto, shule na ualimu. Mwaka 1901, gazeti la Harper's likatoa hadithi yake juu ya kijana Msioux aliyerudi kutoka shule ya wamisionere akiwa na nywele fupi na Biblia, asiyejua tena kuwinda. Mganga wa kambi anamkataa na watu wote wanahama, wakimwacha na wazazi wake katika baridi. Baba anakufa polepole kwa njaa. Kijana anaua ng'ombe wa Mzungu ili apate nyama, mwenye ng'ombe anamfuata, na kijana anamchoma kisu. Anafika hemani na nyama, lakini baba amekwisha kufa. Hadithi inaishia gerezani, akingojea kunyongwa, bila kujua ni mungu gani atamkuta upande wa pili.

Gazeti la Carlisle liliichapa hadithi hiyo ili kuishutumu. Inaeleweka. Wasimamizi wa shule walikuwa wanawaambia Wamarekani kwamba wanatengeneza watu wapya, na mwalimu wao wa zamani alikuwa ameandika kwamba wanatengeneza watu wasioweza hata kumlisha baba yao.

Fuvu la nyati

Ili kuandika kitabu cha 1901, alirudi South Dakota kuwasikiliza wazee tena. Picha zilichorwa na Angel De Cora, mwanamke wa kabila la Winnebago, aliyekuwa amepitia shule kama zile. Kwa hiyo hadithi za makabila zilifika mikononi mwa watoto wa Boston zikiwa zimeandikwa na kuchorwa na wanawake wawili wa makabila yenyewe, jambo la ajabu kwa siku zile, maana kawaida wataalamu Wazungu ndio walioandika na wazee waliosimulia walibaki bila jina.

Hadithi nyingi ni za Iktomi, mjanja mlafi, ndugu wa mbali wa Kalulu, sungura wa hadithi za Katanga. Zinachekesha. Lakini katikati yake kuna nyingine. Katika moja, panya wanafanya karamu usiku ndani ya fuvu la nyati, kwenye uwanda usio na mtu. Wamewasha moto, wanapiga ngoma, wanacheza. Kutoka mbali, kando ya mto, mipira miwili ya moto inakuja. Inakua. Panya hawasikii kitu juu ya ngoma zao. Msomaji anaiona inakaribia hatua kwa hatua, mpaka macho mawili yanachungulia kupitia matundu ya macho ya fuvu lenyewe.

Mtoto wa Boston aliona paka-mwitu na panya. Mtoto wa Yankton aliona kitu kingine. Katika miaka ile nyati walikuwa karibu wameisha. Walikuwa wameuawa kwa mamilioni, na mifupa yao ilikuwa imetapakaa kwenye uwanda mpaka watu wakaiokota na kuiuza. Kucheza ndani ya fuvu la nyati ni kucheza ndani ya kichwa cha kile kilichokuwa kinalisha taifa zima. Mwandikaji hakulifafanua jambo hilo. Alimwachia kila msomaji woga wake.

Na Iya? Binti anamwamsha baba, kambi inakusanya vitu kimya kimya na kukimbia usiku. Zimwi linaamka, linachukua umbo lake kubwa na kuwafuata. Wapiganaji wanaliua, na kutoka katika mwili wake wanatoka watu wa makambi yaliyomezwa, wakiwa hai. Kwa taifa lililokuwa linaona watoto wake wakimezwa na gari-moshi mwaka kwa mwaka, mwisho ule haukuwa wa kulaza watoto tu.

Oklahoma

Mwaka 1902 aliolewa na Raymond Bonnin, Myankton kama yeye, na wakapata mtoto mwanaume. Walikaa Utah miaka karibu 14, katika eneo la Wautes. Huko, pamoja na mwanamuziki William Hanson, alitunga opera juu ya Ngoma ya Jua, ibada ambayo serikali ilikuwa imeikataza. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika mji wa Vernal mwaka 1913.

Hakuandika tena hadithi nyingi. Mwaka 1916 alichaguliwa kuwa mwandishi wa Chama cha Wahindi wa Marekani, familia ikahamia Washington, na toka hapo kalamu yake ilitumikia haki: haki ya udongo, ya shule, ya uraia. Uraia ulipatikana kwa sheria ya mwaka 1924. Kuna pia vita alivyopigana ambavyo wengi wa watu wake hawakukubaliana naye. Aliipinga peyote, mmea unaotumiwa katika ibada na makabila kadhaa, na alitoa ushuhuda dhidi yake bungeni akiwa upande mmoja na watu kama Pratt. Mtu aliyeitetea Ngoma ya Jua aliomba serikali ikataze sala ya wengine. Wanaomsifu mara nyingi wanaruka ukurasa huo, lakini haufutiki.

Mwishoni mwa mwaka 1923 alikwenda Oklahoma pamoja na watafiti wengine wawili wanaume. Mafuta ya petroli yalikuwa yamepatikana chini ya udongo wa makabila, na sheria iliruhusu tribinali za jimbo kuwapa wenye udongo walezi wa kusimamia feza zao, kwa maelezo kwamba hawana akili ya kuzisimamia. Walezi walikuwa mara nyingi avoka, wafanyabiashara, marafiki wa majaji. Ripoti iliyotoka mwaka 1924 ilieleza, kesi baada ya kesi, walivyowala watu waliopewa kuwalinda. Zitkala-Ša ndiye aliyeandika habari za wasichana, zile ambazo wenzake waliona inafaa mwanamke azishughulikie.

Kati ya kesi hizo kuna ya mtoto wa miaka 7 wa kabila la Wachoctaw, mwenye udongo wenye mafuta, aliyeishi na nyanya yake mzee katika kibanda cha milimani. Feza zilikuwa za maelfu mengi ya dola. Yeye na nyanya yake walipewa vitu vya dukani vya dola 15 kwa mwezi. Mtoto alikufa mwaka 1923, na nyanya yake hakuwa hata karibu naye. Kisha kifo, walezi wapya walimzunguka mwanamke yule mzee, maana sasa ndiye aliyeurithi udongo.

Hadithi ile ya mwaka 1901 ilikuwa juu ya mlaji aliyejificha katika umbo la mtoto. Miaka 23 baadaye, mwandikaji yule yule alikuwa anaandika juu ya walaji waliojificha katika jina la mlezi, na safari hii hakuhitaji kubuni kitu. Lugha yake ya ripoti ni kavu kuliko ya hadithi, yenye tarehe na hesabu. Ni maandiko yake yanayotisha kuliko yote. Bunge lilifanya uchunguzi, lakini walezi wengi walibaki na vyeo vyao.

Mwaka 1926, yeye na mume wake walianzisha Baraza la Taifa la Wahindi wa Marekani, akaliongoza mpaka kifo chake. Walizunguka na gari kutoka kabila hadi kabila, feza zikiwa chache kila mwaka. Alikufa Washington tarehe 26 mwezi wa kwanza 1938, akiwa na miaka 61. Kwa sababu mume wake alikuwa kapteni katika jeshi, alizikwa Arlington, makaburi ya jeshi la Marekani, na kwenye jiwe, chini ya jina la ndoa, waliandika Zitkala-Ša wa Wasioux.

Mwaka ule ule, opera yake ilionyeshwa New York. Kwenye karatasi za tangazo, jina la mtunzi lilikuwa moja tu, la Hanson.

Hadithi zake nyingine zilibaki katika makaratasi mpaka mwaka 2001, wakati Jane Hafen, mtaalamu wa kabila la Taos Pueblo, alipozichapisha. Na mwaka 2024, serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye sura yake. Ameshika kitabu mkononi.